Ng'ombe ako kwa databesi, ni nyinyi hamumwoni

Wasee wa kutengeneza saiti, leo tuambiane ukweli. Mnaweka kisanduku cha kutafuta, halafu mtu akikosa kitu mnasema ati hajui kutafuta.

Juzi shangazi yangu wa Kitale aliingia kwa saiti fulani ya wakulima, yote Kiswahili. Akaandika "ngombe kupe", bila ile alama, vile wengi wetu huandika kwa simu. Jibu: hakuna kilichopatikana. Nikaingia mwenyewe, nikashuka ukurasa kwa ukurasa. Makala yako hapo, matatu! Nikamwandikia fundi wao. Akasema, "Si angetafuta kwa Kiingereza?"

Manze.

Ukiacha PostgreSQL kwa mipangilio ya Kiingereza, ile alama inakata ng'ombe mara mbili: "ng" na "ombe". Mwenye ameandika "ngombe" hatawahi kukutana nao. Tena Kiingereza hupunguza neno mkiani, "cows" inakuwa "cow". Letu hubadilika kichwani: kitabu, vitabu. Kisu kinakata upande usio na kitu. PostgreSQL inakuja na Kinepali, inakuja hata na Kiayalandi, Kiswahili hakimo. Hilo si kosa lako. Kuiacha hivyo ndiyo kosa lako.

Na usiniletee LIKE yenye asilimia pande zote. Tafuta "ua" uone: mvua, nunua, chukua, wote wamefika. Indeksi ya kawaida nayo haisaidii, databesi inasoma jedwali lote mstari kwa mstari.

Dawa ni ya bure. pg_trgm inakuja na PostgreSQL yenyewe. Inakata neno vipande vya herufi tatu tatu, inahesabu vinavyofanana. Kitabu na vitabu wanapata 0.4, mpaka wa kawaida ni 0.3, kwa hivyo wanaonana. Mti na miti wanapata kama 0.29, wanakosa padogo tu, basi shusha mpaka kidogo. Usilinganishe neno na makala nzima, linganisha na maneno yake moja moja. Na ile alama ya ng' iondoe pande zote mbili, unapohifadhi na unapotafuta. Kwani hiyo ni kazi ya miaka mingapi?

Shangazi hakurudi kwa ile saiti, aliuliza jirani. Fundi naye, meseji yangu ya pili ameisoma akanyamaza.