Karani naye ana mgongo

Mkulima wa alizeti wa Iramba au Ikungi akilalamika kuwa kiuno kinamuuma, hakuna anayeshangaa, maana kutwa ameinama na jembe. Karani wa halmashauri akisema maneno hayohayo anachekwa: wewe si unakaa kivulini? Kwa aibu anapita duka la dawa, ananunua diclofenac, anameza na kurudi kitini.

Hilo la kumeza na kurudi kitini linanitia hofu kuliko maumivu yenyewe. Dawa za jamii hiyo, ikiwamo ibuprofen, hutuliza maumivu lakini haziondoi kinachoyaleta. Zikitumika siku chache kwa maelekezo ya daktari, wengi hawapati shida. Zikigeuzwa chakula cha kila siku kwa miezi kadhaa, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Mwenye presha, kisukari au ujauzito yuko hatarini zaidi. Mtu anaweza kuanza na shingo iliyokaza akaishia kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili au tatu kwa wiki.

Tena si tatizo la wachache. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno.

Kukaa si kupumzika. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kadiri unavyokiinamisha kwenye kompyuta mpakato ndivyo misuli ya shingo inavyozidi kuelemewa. Diski zilizo katikati ya pingili za mgongo nazo karibu hazina mishipa ya damu, hivyo hutegemea mwili kujongea ili zipate chakula chake. Ndiyo maana hata kiti cha bei mbaya hakimsaidii asiyeinuka. (Wazazi, mtoto anayeinamia simu jioni nzima anabeba mzigo uleule.)

Kwa hiyo inuka kila baada ya nusu saa, hata kwa dakika mbili. Shika kiuno, jinyooshe kwa nyuma, zungusha mabega, peleka faili mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Rimu mbili za karatasi chini ya skrini zinaileta usawa wa macho, ila kwa kompyuta mpakato utahitaji kibodi ya pembeni. Kanga iliyokunjwa ikiwekwa nyuma ya kiuno inasaidia hata kwenye kiti cha plastiki. Miguu ikining'inia, weka tofali. Jioni, kama unakaa Utemini na ofisi iko mjini, achana na bodaboda siku moja moja utembee. WHO inashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo.

Mikanda ya kiuno inayouzwa madukani nisingekushauri uikimbilie. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda hiyo, unapendekeza mazoezi.

Wakubwa wa ofisi nao wana sehemu yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya migodi peke yake. Lakini ofisi zetu zinamheshimu zaidi aliyeacha koti kitini akaenda zake kuliko aliyesimama dirishani kujinyoosha, ambaye ataulizwa kama kazi zimeisha. Mtumishi wa dirisha la malipo anayezuiwa kuinuka mpaka saa ya chakula anaumizwa na utaratibu, na dawa ya hapo ni kubadili utaratibu.

Si kila maumivu yanatokana na kiti. Mwili ukiuma pamoja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, pima kifua kikuu, ambacho hushambulia hata uti wa mgongo. Mnywaji wa maziwa mabichi, na hapa kwetu ni wengi, aulizie pia kipimo cha brusela. Na kama miguu inaishiwa nguvu, unapata ganzi sehemu za siri au umeanza kushindwa kuzuia mkojo, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.