Usinunue Wingi wa Vibarua

Ukiingia katika duka la simu mjini Thika au Ruiru, muuzaji atakuambia hii ina viini vinne na ile ina vinane, kwa hivyo ya pili ina kasi maradufu. Bei nayo imepanda. Kabla hujagusa pesa za karo, hebu twende kwanza shambani.

Ruiru wanaijua kahawa. Aina ya Ruiru 11 ilitolewa na kituo cha utafiti cha huko mwaka wa 1985. Msimu wa kuchuma, nyapara akimpa kila mchumaji eneo kubwa, aliyepata mibuni haba humaliza mapema akaketi, na mwenzake hubaki akichuma hadi jioni. Nyapara huyo akisema, "Chuma mti mmoja, kisha uje nikuonyeshe mwingine," wote watapanga foleni mbele yake na kahawa ibaki mtini.

Kiini ni kibarua wa kuhesabu ndani ya simu au kompyuta. Vipande vya kazi vikiwa vikubwa mno, viini vingine hukaa bure. Vikiwa vidogo mno, wakati huishia katika kugawa badala ya kufanya.

Katika miaka ya 1990, Robert Blumofe, Charles Leiserson na wenzao wa chuo cha MIT, Marekani, waliunda mfumo wa Cilk uliopunguza taabu hii. Kila kibarua ana rundo lake na hamngoji nyapara. Huanza na kazi aliyoiweka mwisho. Akimaliza zote, huchagua jirani kwa kubahatisha na "kumwibia" kazi iliyokaa rundoni muda mrefu zaidi. Hiyo kwa kawaida ndiyo kubwa, kwa hivyo hatarudi kuiba upesi. Mwenye shughuli hasumbuliwi sana; gharama ya kutafuta humwangukia asiye na kazi. Hata watoto wako wakigawana kazi za Jumamosi, utaratibu huu unafaa.

Lakini si kila kazi hugawanyika. Gene Amdahl alitoa onyo hilo mwaka wa 1967. Chukua kazi ya dakika 60 ambayo nusu yake haigawanyiki. Vibarua wanane watamaliza nusu ya pili kwa dakika 4 hivi, lakini zile 30 za kwanza ziko palepale. Jumla ni dakika 34, wala si 8. Kweli kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole kumi havimvunji upesi kuliko viwili.

Basi ukiwa dukani, uliza kama viini vyote vinane vina nguvu sawa, maana katika simu nyingi baadhi huwa vidogo vya kuokoa betri. Uliza pia ukubwa wa kumbukumbu. Kisha fungua mwenyewe programu unazotumia kila siku, uone. Ikiwa ya viini vinne inakutosha, chenji ipeleke shuleni.