AFYA YA JAMAA: Damu inaanzia kwenye sahani

Mwezi huu ninawaandikia kutoka Kanombe, hapa Kigali. Nimekuja kumwangalia binti wa dada yangu, mwenye mimba ya miezi sita.

Alikuwa akipanda kilima kidogo tu anahema, kichwa kinamzunguka. Nikimwuliza anasema, "Mama mdogo, ni uchovu wa mimba." Na mimi nikakubali! Wiki nzima sikuangalia viganja vyake, kumbe vilikuwa vyeupe. Kwenye kituo cha afya walimpima damu wakakuta 8. Mama mwenye mimba hatakiwi kushuka chini ya 11. Niliona haya, maana ni mimi ninayewafundisha kila mwezi kwenye ukurasa huu.

Muuguzi akauliza, "Mnakula nini?" Maharagi kila siku. "Na mnakunywa nini?" Chai, pamoja na chakula. Akasema, "Basi chai ndiyo inakula chakula chenu."

Ndugu zangu, damu inajengwa na madini ya chuma. Maharagi yanayo, lenga-lenga (hapa wanaita dodo) na sombe pia. Lakini chuma cha mboga ni kigumu kuingia mwilini. Chai na kahawa vinakifunga tumboni, kinapita bure. Limau, pera, papai, chungwa au nyanya mbichi vinakifungulia mlango. Kwa hiyo kula kwanza, chai ngoja saa moja au mbili. Loweka maharagi usiku kucha, yale maji umwage. Yataiva upesi, na kuni au makaa vitabaki.

Sasa niseme la nyumbani. Sambaza na ndagala wana chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi. Lakini kwa binti yetu sambaza waliwekewa mume na shemeji, yeye anabaki na mchuzi. Tena hali nyama ya mbuzi, ati mwanamke ataota ndevu. Jamani! Mbuzi hajamwotesha mtu ndevu. Baba watoto, na nyinyi msikilize: mwenye mimba na mtoto mdogo wapakuliwe kwanza. Tulipomweleza mume wake, alichukua sahani yake akamgawia. Hakuna aliyemlazimisha.

Tangu 2012 wakulima wa Rwanda wanapata mbegu za maharagi yenye chuma nyingi. Mwaka 2013 kule Huye wanafunzi wa kike 195 wenye upungufu wa chuma walikula maharagi kwa siku 128, wengine haya, wengine ya kawaida. Waliokula haya damu yao iliongezeka zaidi. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, umwulize muuzaji. Ukisikia "bikungahaye ku butare", ndiyo hayo.

Tusisahau vitamini A, ya macho na ya kinga ya mwili. Iko kwenye viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti na mafuta ya mawese. Mboga za majani uzitie mafuta kidogo, vitamini hiyo bila mafuta haiingii vizuri. Asiye na shamba apande lenga-lenga kwenye gunia la udongo mlangoni, baada ya wiki chache anachuma.

Lakini msidanganyike. Soda nyekundu haiongezi damu kwa sababu ni nyekundu! Na chakula peke yake hakitoshi damu ikishashuka sana. Vidonge vya chuma ambavyo kliniki inampa mama mwenye mimba avimeze vyote, siyo kwa chai. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni hivyo vidonge. Malaria na minyoo vinamaliza damu pia, basi tulale ndani ya chandarua, tuvae viatu, tunawe mikono. Mtoto mwenye viganja vyeupe, asiyetaka kucheza, apelekwe kupimwa. Msingoje kama mimi.

Juzi tumerudi kupima, baada ya wiki nne za vidonge na sahani mpya. Sasa ni 9 na nusu. Bado hajafika, lakini kilima anakipanda, na juzi alinicheka mimi ninayehema.

Kazi ya mwezi huu: leo jioni angalieni viganja vya watoto wenu, halafu angalieni nani anapakuliwa wa mwisho. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.