Baraza Lisilo na Mlango

Waliojenga nyumba kongwe za mawe za Mtaa wa India, hapa Bagamoyo, walijua namna ya kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani. Kushoto na kulia kwa mlango wa nakshi kuna baraza, na yeyote apitaye anakaa: mchuuzi aliyetoka pwani na ndoo yake ya samaki, mzee na tasbihi yake, kijana asiye na kazi. Anakunywa kahawa, anatafuna kashata, anachangia siasa. Hakuna anayemuuliza ukoo wake. Lakini ikiadhiniwa magharibi mwenye nyumba anainuka, anaaga, anafunga mlango, wala hapana anayemfuata mpaka uani. Mwenye haja ya usiku atapiga hodi. Hodi tatu zisipoitikiwa, anarudi alikotoka. Ukisikia mtu anaendelea kugonga baada ya hapo, jua kuna msiba au kuna moto.

Kwa miaka saba nimekuwa admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Lilianza kwa ajili ya msiba, tuchangishane sanda, turubai na mchele. Marehemu akazikwa, grupu likabaki, kama yabakivyo magrupu yote ya misiba. Sasa lina watu zaidi ya 200. Humo hutangazwa maji kukatika, bei za mnada wa samaki, mtoto aliyepotea, na kiwanja kimoja cha Zinga kinachouzwa na watu watatu tofauti. Ni baraza kamili, ila fundi alisahau mlango. Saa tisa za usiku mtu anakutumia sauti ya dakika sita akimshitaki jirani aliyemtukana, na asubuhi unakuta ya pili: mbona umeona hujibu? Zile alama mbili za buluu zimetunyang'anya hata haki ya kujifanya tumelala.

Nami nilijisifu kwamba kwangu hapafungwi. Nilijibu kila mtu, saa zote, nikidhani huko ndiko kuwatunza watu.

Mwaka juzi mama mmoja alinifuata inboksi. Alikuwa ameweka kwenye grupu namba ya simu ya bintiye ili watu waagizie maandazi. Mwanamume wa makamo, mwenzetu wa humo humo na mchangaji mzuri wa misiba, akaichukua ile namba na kuanza kumwandikia binti. Binti alikuwa na miaka 14. Meseji zilianza kwa salamu za heshima, zikaishia pasipofaa. Mama alinitumia skrinishoti, akaniomba mawili yasiyokaa pamoja: nimzuie yule bwana, na nisimwambie mtu.

Ujumbe ule ulikaa siku mbili bila kusomwa. Ulikuwa umezikwa chini ya malalamiko ya watu waliotukanana kwa ajili ya Simba na Yanga, ambao wote nilikuwa nikiwajibu, mmoja mmoja, hadi usiku wa manane.

Nilipousoma nilikwenda kwa wazee wawili. Neno walilonipa lilikuwa stara. Bwana yule ana mke na watoto, akitolewa grupu zima litauliza sababu, basi mfuate pembeni umkanye. Nikamfuata. Aliomba radhi vizuri sana, karibu nimwonee huruma. Miezi mitatu baadaye akaja mama wa pili.

Sitaki kulitupa neno stara. Mji huu umeishi kwalo: tumefunika umaskini wa majirani, tumefunika mahari yaliyokopwa, tumefunika ndoa zilizovunjika kabla ya fungate kuisha, na watu wakaweza kuangaliana usoni siku ya Idi. Lakini stara ni nguo ya aliyefikwa na aibu. Sisi tulimvika aliyeileta. Yule binti, ambaye ndiye aliyestahili kufunikwa, tulimwacha wazi. Namba yake ilikuwa bado humo, na bwana yule bado humo, akituma dua kila Ijumaa.

Kuna watakaosema: basi anikeni kila kitu. Hao nawakumbusha kisa cha jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wake, kwa sababu hakutaka kuwataja watu walioandika humo kwa majina ya kubuni tuhuma dhidi ya makampuni. Iliyotumika ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mwenzake, Mike Mushi, aliachiwa huru. Kwangu mimi Melo alitimiza kazi ya mwenye baraza. Waliokuwa nyuma ya mlango wake walikuwa wadogo wakiwasema wakubwa, na kutojulikana ndiko kulikokuwa salama yao. Kwetu mambo yalikuwa kinyume: mkubwa alijificha ili amfikie mdogo. Ukimya ni ule ule, ila mmoja unamlinda anayeweza kuumizwa na mwingine unamlinda anayeumiza, na admini anayedai hawezi kuzitofautisha hizo mbili mara nyingi anaogopa lawama tu. Nasema hivyo nikijitazama mwenyewe.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu haiyatenganishi mambo haya. Kichwa chake kinataja haki ya faragha na ya usalama wa mtu kwa pamoja, na ndani yake mtu, familia yake na unyumba wake vimepewa hifadhi moja. Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022. Hata hivyo namba za simu za mabinti bado zinazagaa kwenye magrupu ya harusi kama vipeperushi.

Halafu yuko mlinzi mwenyewe. Nairobi, katika ofisi za kampuni ya Sama, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wakichuja yale yanayopandishwa Facebook kwa lugha zao. Walitazama watu wakichinjwa ili mimi nawe tusiwaone. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta, mwenye Facebook, Mei 2022. Mwaka uliofuata wenzake 184 nao wakaenda mahakamani. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta inaweza kushtakiwa nchini humo, na Desemba ya mwaka huo ikafahamika kwamba zaidi ya 140 kati ya wachujaji hao walipimwa na daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wakakutwa na maradhi ya kiwewe. Sijilinganishi nao. Mimi ninayoyafuta ni matusi, na picha za maiti za ajali za Barabara ya Bagamoyo ambazo kila mara kuna mtu anayeona ni sadaka kuzisambaza. Lakini hata hizo, ukizitazama peke yako usiku kwa miaka saba, hazikuachi ulivyokuwa.

Safari ya pili sikuwaendea wazee. Nilimsindikiza yule mama wa pili hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na bwana yule tukamtoa kwenye grupu. Kisha tukakaa kikao, tukazozana sana. Sasa maadmini ni watatu, wawili wao wanawake, maana kuna maneno ambayo mama hawezi kumwandikia mwanamume. Kuanzia saa nne usiku grupu linafungwa mpaka alfajiri. Roho ya mtu ikiwa hatarini, ngalawa ikichelewa kurudi, mtoto akipigwa, usiandike: piga simu. Na la mtoto halipiti tena kwa wazee kwanza, linakwenda dawati au kwa afisa ustawi wa jamii, au namba 116, ambayo ni bure. Watu kadhaa walitoka kwa hasira. Mmoja aliandika kwamba tumegeuka ubalozi, tuna saa za kufungua na saa za kufunga. Alitaka kututukana, lakini mimi nilifurahi. Tangu tuanze kufunga, hakuna ujumbe wa mama yeyote uliokaa siku mbili bila kusomwa.

Waandishi wa toleo hili ninalolihariri hawakubaliani nami wote. Yumo anayeona tumewadharau wazee, na hoja yake nimeiacha kama alivyoiandika. Nanyi tuandikieni. Asiyependa jina lake litokee aseme tu, nalo halitatokea, wala hatutamtajia yeyote atakayekuja kuliuliza. Ila ukituandikia kwamba kuna mtoto anaumizwa, ujue tangu leo kwamba barua hiyo haitabaki mezani kwetu.