Kilimambogo na Maji ya Mitaa Yetu

Mjadala kuhusu mabadiliko ya tabianchi na utalii nchini aghalabu huanzia kwenye barafu inayoyeyuka ya Mlima Kenya na kuishia kwenye kambi za Maasai Mara, ambazo Mto Talek ulizifurikia mnamo Mei 1, 2024. Milima midogo haitajwi. Hata hivyo, mkazi wa Kayole au Komarock akitazama mawioni siku isiyo na mawingu huuona Kilimambogo, mlima wa mita 2,145 ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1967, na karibu nao Mto Athi huanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls.

Kwa shule nyingi za Eastlands, utalii ndio huu. Mzazi wa Dandora asiyemudu safari ya Mara hujikamua akapata nauli ya basi hadi Kilimambogo. Mtalii huyu mwenye sare hapewi uzito na wapangaji wa sera, ilhali ndiye anayemlisha mwongoza wageni, mpiga picha na mwenye mashua pale maporomokoni.

Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo mengi makavu ya nchi. Kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyozoa nyumba huko Mathare na kuchelewesha ufunguzi wa shule hadi Mei 13. Shule zisipofunguliwa, hakuna ziara.

Nasisitiza neno tabianchi. Tukisema tu kwamba hali ya hewa imebadilika, tunazungumzia jua la leo na mvua ya kesho, mambo yasiyo na wa kulaumiwa. Tabia hujengeka kwa miaka mingi, nayo huweza kuharibiwa.

Lakini tabianchi haifanyi kazi peke yake. Mto Nairobi hupita mitaani mwetu, ukapakana na jaa la Dandora, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa 2001, ambalo lingali linapokea taka. Kisha huingia katika Athi. Wakati wa kiangazi maji ya mto hupungua ilhali maji taka hayapungui, na kinachoporomoka pale ni povu na uvundo. Mvua kubwa ikija, huzoa plastiki zetu zote kwa mkupuo mmoja.

Wapo watakaosema kwamba waliochafua anga ni wenye viwanda wa Ulaya na Marekani. Ni kweli, sehemu ya Afrika katika uchafuzi huo ni ndogo mno. Povu lile, hata hivyo, halikutoka Ulaya.

Serikali za kaunti za Nairobi, Kiambu na Machakos kila moja hukiona kipande chake tu cha mto. Zinapaswa kuketi pamoja na kuushughulikia kama mto mmoja. Naye mwalimu atakayepeleka wanafunzi Kilimambogo muhula ujao aanzie safari Dandora, darajani, wayatazame maji hayo kabla hayajafika huko.