Kamera ni ileile, mkono wa daktari ndio tofauti
Ukimpeleka mzazi kupimwa utumbo mpana kwa kamera, yaani kolonoskopi, najua utauliza bei na kama SHA italipa. Sawa. Lakini je, umeuliza daktari huifanya vipi?

Mwaka 2006, utafiti kutoka Rockford, Marekani, uliwalinganisha madaktari 12. Waliochukua wastani wa dakika 6 au zaidi kuitoa kamera walipata vivimbe, vikiwemo vinavyoweza kugeuka saratani, kwa asilimia 28.3 ya wagonjwa. Wenye haraka? Asilimia 11.8 tu. Hapo ndipo mtu huambiwa yuko poa, kumbe kivimbe kimebaki ndani.

Basi iwe ni Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi, au kliniki ya kibinafsi hapo Kisumu, uliza haya: Kamera itafika mwisho wa utumbo mpana? Utachukua dakika ngapi kuitoa? Ukikuta kivimbe, utakiondoa papo hapo?

Mzazi naye amalize dawa ya kusafisha tumbo, maana uchafu huficha vivimbe hata kwa daktari makini.

Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari anayejali kazi yake atakujibu.