Ndege Moja, Mishahara Miwili



Picha ile wengi wenu mmeiona katika simu, hata kama hamkujua ilikotoka. Bwana mmoja wa makamo, kifua wazi, anasaidiwa kuupanda uzio wa chuma ili awakimbie watu wanaopiga kelele nyuma yake. Shati lake limeraruliwa. Ilipigwa tarehe 5 Oktoba 2015 huko Roissy, penye kiwanja kikubwa cha ndege cha Paris, na bwana huyo alikuwa mkurugenzi wa utumishi wa Air France, shirika ambalo ndege zake hutua hata Kinshasa.

Katika mkutano wetu mmoja juu ya haki kazini, kijana alituonyesha picha hiyo akasema: «Mwalimu, watu hawa mshahara wao wa mwezi mmoja ungelisha ukoo wetu mwaka mzima. Na bado wanagoma, na bado wanararua mashati. Kweli tuwahurumie?» Wenzake walicheka. Siku ile sikuwa na jibu. Nalitoa leo, na naomba radhi kwa kuchelewa.

Kumrarulia mtu shati ni dhambi, tena ni upumbavu, kwa maana kulimpa waziri mkuu wa Ufaransa nafasi ya kusema kwamba hayo ni matendo ya wahuni, na mjadala ukafungwa hapo. Baadhi ya waliohusika walifukuzwa kazi, na mwaka 2016 mahakama ya Bobigny ikawahukumu wengine wao vifungo vilivyosimamishwa na faini. Sina la kuongeza. Lakini asubuhi ileile, ndani ya chumba cha mkutano, viongozi wa shirika walikuwa wameleta karatasi ya kupunguza nafasi 2,900 za kazi: marubani 300, wahudumu wa ndani ya ndege 900, na wafanyakazi wa uwanjani 1,700. Itazameni vizuri hesabu hiyo, kwa maana ndani yake ndimo lilimo neno ninalotaka kuwaambia. Shati moja lilizunguka dunia nzima. Hesabu hii haikuzunguka.

Turudi mwaka mmoja nyuma. Air France na KLM ya Uholanzi, zilizoungana mwaka 2004, zina kampuni tanzu ya safari za bei nafuu iitwayo Transavia. Asili yake ni Uholanzi. Tawi lake la Ufaransa lilianza kuruka mwaka 2007 kutoka kiwanja cha Orly. Marubani wa Air France walikubali mtoto huyo azaliwe kwa sharti kwamba ndege zake zisizidi 14. Walijua walichokuwa wakikiogopa. Na kweli, Septemba 2014 viongozi wa kundi, chini ya Alexandre de Juniac, walitangaza kwamba Transavia itakuzwa hadi kufikia ndege 100, tena itafunguliwa vituo nje ya Ufaransa na nje ya Uholanzi, ambako wafanyakazi wangeajiriwa kwa mikataba ya huko. Tarehe 15 Septemba marubani wakagoma. Mgomo ulidumu siku 14 na kuligharimu shirika zaidi ya yuro milioni 400. Kabla haujaisha, ule mpango wa vituo vya nje ulikuwa umekwisha kuachwa.

Walichekwa sana. Ni rahisi kumcheka rubani, kwa kuwa analipwa vizuri na amevaa kofia. Lakini sikilizeni walichokidai. Hawakugoma ili waongezewe mshahara. Walidai kwamba kila rubani wa kundi hilo anayeendesha ndege yenye viti zaidi ya 100 awe na mkataba uleule mmoja. Ndege haijui jina lililoandikwa ubavuni mwake. Rubani wa Transavia anayepeleka abiria Lisbon anabeba roho za watu kama anavyozibeba yule wa Air France. Mvua ni ileile, ukungu ni uleule, na mbele ya sheria wajibu wake ni uleule. Kwa nini basi mmoja afanye kazi kwa masharti mema na mwingine kwa masharti hafifu, eti kwa sababu rangi ya ndege ni nyingine?

Sisi walimu wa nchi hii hatuhitaji kwenda Paris ili kulielewa jambo hili. Darasa la tano A lina mwalimu aliyeandikwa katika orodha ya malipo ya Serikali. Darasa la tano B lina mwalimu asiyeandikwa. Chaki ni moja, kitabu ni kimoja, mkaguzi ni mmoja. Mwisho wa mwezi mmoja anakwenda benki, mwingine anakwenda kwa jirani kukopa unga. Tena kuna jambo baya kuliko njaa: kadiri miaka inavyopita, yule wa A huanza kuamini kwamba yeye ni mwalimu zaidi. Nimefundisha walimu wapya miaka mingi, na nimeliona hilo kwa macho yangu.

Sisemi kwamba bei nafuu yenyewe ni wizi. Kampuni kama Ryanair na easyJet ziligundua mambo ya akili. Hutumia aina moja au mbili tu za ndege, hivyo fundi na rubani hawafundishwi mara tano. Ndege ikitua, kwa Ryanair lengo ni iwe imeruka tena baada ya dakika 25 hivi, kwa kuwa ndege iliyokaa chini haizai kitu. Tikiti huuzwa kwa intaneti pasipo wakala. Mzigo hulipiwa, chakula hulipiwa. Kwa njia hiyo mjane wa Ureno anayefanya usafi Paris anaweza kwenda kumzika mama yake bila kuuza kitanda. Nani atalilaani jambo hilo? Unafuu wa namna hiyo hutoka katika akili. Lakini kuna unafuu mwingine unaotoka katika mfuko wa mtu: saa nyingi zaidi kwa malipo yaleyale, mkataba wa nchi ya mbali, sendika isiyotambuliwa. Ryanair ilikataa kuzitambua sendika za marubani kwa zaidi ya miaka thelathini, na ilikubali Desemba 2017 tu, baada ya kulazimika kufuta maelfu ya safari kwa kukosa marubani wa kutosha kwenye ratiba. Mkurugenzi anapowaambia wafanyakazi wake «hatuna budi kupunguza gharama», swali la kwanza ni hili: gharama ipi kati ya hizo mbili? Mara nyingi hujibu kwa kuonyesha ya kwanza, na kupunguza ya pili.

Hadi hapa mtadhani ninawatetea marubani. Nawatetea kwa dai lao. Kwa mwenendo wao siwezi.

Mgomo wa 2014 ulikuwa wa marubani peke yao. Wahudumu wa ndani hawakuwamo. Mafundi, wapokeaji abiria, wabeba mizigo, wote walibaki kukutana na hasira ya abiria waliokwama, wakijua kwamba hasara hiyo italipwa na mtu fulani. Mwaka uliofuata, viongozi waliwataka marubani waruke kama saa 100 zaidi kwa mwaka kwa mshahara uleule. Mazungumzo yakavunjika, na siku chache baadaye ikatolewa ile karatasi ya nafasi 2,900. Rudieni hesabu: katika kila watu kumi waliotakiwa kuondoka, rubani alikuwa mmoja, na karibu sita walikuwa wa uwanjani. Wanyonge ndio waliobebeshwa uzito mkubwa wa ugomvi wa wenye nguvu. Waliokuwa nje ya uzio siku ile walikuwa na hasira na mkurugenzi, ndiyo. Lakini jiulizeni kama hawakuwa pia na uchungu juu ya wenzao wenye kofia.

Jambo linalonisikitisha zaidi lilitokea mwaka 2017. Air France ilianzisha kampuni nyingine, Joon, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 1 Desemba. Ilitangazwa kwamba ni kampuni ya vijana, watu wa miaka 18 hadi 35. Wahudumu walivalishwa viatu vya michezo. Shirika lilisisitiza kwamba Joon si kampuni ya bei nafuu. Basi unafuu ulikuwa wapi? Ulikuwa kwa wahudumu: waliajiriwa upya, kwa masharti ya chini kuliko ya wenzao wa Air France. Na marubani? Marubani wa Joon walikuwa ni wa Air France, kwa mkataba wa Air France. Walikuwa wamepiga kura na kukubali. Wale waliosimamisha ndege siku 14 kwa ajili ya mkataba mmoja, miaka mitatu baadaye walikaa mbele katika ndege ambayo nyuma ya mlango wao palikuwa na mikataba miwili, wakanyamaza. Kumbe «kazi moja, sheria moja» ilikuwa na maana ya kazi *yangu*.

Nanyi vijana, angalieni jina lenu lilivyotumiwa hapo. Ujana ulichorwa ukutani kama pambo ili kufunika mshahara mdogo. Mtakutana na hilo popote mtakapoomba kazi: mtaambiwa kwamba nyinyi ni wepesi, ni wa kisasa, mnapenda uhuru kuliko mkataba. Mtu akiwasifia umri wenu kabla hajataja malipo, hesabuni vidole vyenu.

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya mwanadamu, Laborem Exercens, alizitetea sendika kwa nguvu na kuukubali mgomo kama njia halali katika mipaka yake. Lakini humo humo alionya kwamba madai ya sendika yasigeuke kuwa ubinafsi wa kundi. Watu wa mabwanyenye hupenda kunukuu onyo bila utetezi; watu wa sendika hupenda utetezi bila onyo. Kisa cha Air France kinavidai vyote viwili.

Najua pingamizi lenu, kwa maana baba zenu walilipata kwa uchungu. Mashirika hufa. Sabena, iliyoanzishwa mwaka 1923 na ambayo kwa wazee wetu jina lake lilikuwa karibu sawa na neno «Ulaya», ilifilisika Novemba 2001. Hakuna mgomo uliowarudishia kazi watu wake. Pingamizi hilo ni la kweli, na sendika inayokataa kusoma daftari la mapato ni ya watoto. Lakini endeleeni na kisa hicho hadi mwisho. Sabena ilikuwa na kampuni tanzu, Delta Air Transport. Mama alikufa, binti akabaki, na kutoka kwake likazaliwa SN Brussels Airlines, lililorudi kuruka kuja kwetu. Ndege zilirejea. Mikataba ya zamani haikurejea nazo. Hivyo anayesema «kampuni tanzu huokoa kazi» aulizwe pia: kazi za nani, na kwa masharti gani?

Tena siyo kweli kwamba hapakuwa na njia nyingine, kwa maana ilionekana. Kuanzia Februari 2018 sendika za marubani, za wahudumu na za uwanjani ziligoma pamoja, siku 15 kwa jumla, zikidai nyongeza moja ya asilimia 6 kwa wote. Mkuu wa shirika, Jean-Marc Janaillac, aliwapita viongozi wa sendika na kuwauliza wafanyakazi wenyewe kwa kura, akiwa na hakika ya kushinda. Asilimia 55 walisema hapana, akajiuzulu. Asilimia 6 hawakuipata. Oktoba walikubaliana asilimia 2 kwa mwaka 2018 na 2 kwa mwaka 2019, na hata hapo chama kikubwa cha marubani kilikataa kutia sahihi pamoja na wengine, kikaenda kuzungumza peke yake. Mazoea ni kitu kigumu. Lakini miezi michache baadaye, Januari 2019, mkuu mpya, Benjamin Smith, alitangaza kwamba Joon itafungwa na wahudumu wake waingie Air France. Wakaingia. Kile kilichoitwa lazima mwaka 2017 kilifutwa kabla hakijatimiza miaka miwili, na ndege ziliendelea kuruka.

Mwaka huohuo wa 2019 marubani walikubali Transavia ya Ufaransa ivuke mpaka wa ndege 40. Wao nafasi yao ipo. Mwaka 2023 Air France ilitangaza kwamba ifikapo 2026 itaondoa safari zake Orly, isipokuwa zile za Corsica, na kuiachia Transavia uwanja. Sasa nataka kujua habari za yule mama anayesimama kwenye kaunta ya Orly saa kumi na moja alfajiri, akipima mizigo ya watu: mkataba wake utakuwa na jina gani juu yake? Kijana wangu mwenye simu, ukiipata picha yake, niletee siku ya mkutano. Tutaanzia hapo.